Kutoka Webuye hadi Kitale kwa Tumbo Dogo: Mhadhara juu ya Baiskeli Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo miaka 20 iliyopita lisingepata msikilizaji hapa Webuye. Mtu mnene anafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, anapungua, kisha anataka kupanda baiskeli. Hataki ile ya kwenda sokoni na kurudi. Anataka ya kutwa nzima: alfajiri Webuye, kabla ya adhuhuri Kitale, jioni nyumbani. Je, anaweza? Nisiwazungushe. Anaweza. Lakini kitakachomfikisha au kumwangusha njiani si mguu. Ni namna anavyokula, ni damu yake, ni mifupa yake, na ni sisi tunaoishi naye.

Tuelewane kwanza juu ya upasuaji wenyewe, maana mitaani unasimuliwa ovyo. Wengi hudhani daktari hukata mafuta. Mafuta hayaguswi. Zipo njia mbili zinazotumika zaidi. Katika ya kwanza, daktari huondoa robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, akaacha bomba jembamba. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu na kukiunga na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Njia hii ya kuunga utumbo iliasisiwa na Edward Mason na Chikao Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960. Tangu miaka ya 1990 hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Hapa Kenya, mtu wa kwetu mara nyingi hulazimika kupanda basi hadi hospitali kubwa za Nairobi, kisha anarudi nyumbani na kidonda chake na karatasi ya maelekezo.

Na upasuaji huu haufanywi kwa urembo. Unene wa kiwango hicho huja na kisukari, shinikizo la damu, magoti yaliyochoka na pumzi inayokatika usingizini. Huko Sweden, utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 wanene, takriban nusu wamepasuliwa na nusu hawakupasuliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao. Utafiti huohuo ulionyesha jambo la pili ambalo ningependa kila aliyepasuliwa alijue: uzito hufika chini kabisa mwaka wa kwanza au wa pili, kisha huanza kurudi taratibu. Unarudi kidogo kwa walio wengi, na sana kwa baadhi. Upasuaji humfungulia mtu mlango kwa miaka michache, na ni ndani ya miaka hiyo anapaswa kujenga desturi itakayomlinda.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye mizani. Mtu anayepungua robo au theluthi ya uzito wake kwa mwaka hapotezi mafuta peke yake. Hupoteza na misuli. Watu wanamsifu kwa wembamba, kumbe hawezi kuinua ndoo ya maji kisimani. Hapo ndipo mazoezi yanapoingia. Na katika mazoezi yote, kwa mtu ambaye magoti yake yamebeba kilo nyingi kwa miaka mingi, baiskeli ina heshima yake: tandiko linaubeba mwili, goti linazunguka bila kugongwa.

Sisi watu wa magharibi mwa Kenya hatuhitaji kuletewa baiskeli kama jambo geni. Boda boda ilianzia mpakani Busia, kwa baiskeli, ikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, kabla ya kusambaa hadi Bungoma, Webuye na Kitale. Baiskeli ya Black Mamba, ile nyeusi ya chuma, ilibeba gunia la mahindi, ikabeba maziwa, ikabeba mgonjwa hadi hospitali. Kisha, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, serikali ikaziondolea kodi pikipiki ndogo, na vijana wakahama. Siwalaumu. Pikipiki imesomesha watoto wengi. Lakini kijana aliyekanyaga kutwa akiwa na abiria kwenye keria alikuwa na moyo na mapafu ambayo kijana anayekaa juu ya injini kutwa hana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wa Kenya wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5. Hali hii imetokana na mambo mengi: mafuta ya kupikia ya bei rahisi, soda, kazi za kukaa. Kuacha kukanyaga ni mojawapo.

Black Mamba inamfaa mtu anayeanza akiwa bado na kilo zaidi ya 100. Baiskeli nyepesi za mashindano zimetengenezewa miili myembamba, lakini chuma hiki kimezoea kubeba watu wawili. Fundi aikaze spoki za gurudumu la nyuma, aangalie rimu na breki, basi. Kasoro yake ni kukosa gia. Webuye iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Kitale kama 1,900, na kupanda huko kunataka gia. Kwa hiyo miezi ikipita, mtu atafute baiskeli ya mtumba yenye gia na tairi nene.

Neno juu ya mwendo. Wengi wakisikia baiskeli ya masafa wanafikiria mashindano, hasa tangu mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Wanafikiria vijana wembamba wanaoteremka kama risasi. Mimi naomba mtazame upande mwingine. Ufaransa kuna safari ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, iliyoanza mwaka 1891 kama mashindano. Siku hizi ni safari ya kilomita 1,200 ambayo mtu hupewa hadi saa 90 kuimaliza. Haina zawadi ya mshindi. Desturi hiyo imezaa safari fupi zaidi duniani kote, na ya kilomita 200 ina kikomo cha saa 13 na nusu. Anayekwenda wastani wa kilomita 15 kwa saa, pamoja na kupumzika, anafika, na wa kwanza na wa mwisho wanahesabiwa sawa. Hii ndiyo shule inayomfaa mtu aliyepasuliwa. Webuye hadi Kitale ni kama kilomita 60. Kwenda, kurudi, kisha kushuka Bungoma na kupanda tena, unakaribia 180. Ongeza kidogo kuelekea Malaba na kurudi, zinafika 200 bila kutoka kwenye barabara tunazozijua.

Wala masafa ya barabara za vumbi si mambo ya Ulaya pekee. Tangu mwaka 2021 kuna Migration Gravel Race kule Maasai Mara, siku nne katika murramu na mavumbi. Mmoja wa waliotaka Waafrika wawe na mashindano yao wenyewe ya aina hiyo alikuwa Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Namtaja kwa heshima.

Sasa nifike kwenye kiini. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waliigundua homoni ya njaa, ghrelini, ambayo hutengenezwa zaidi sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Sehemu hiyo ikiondolewa, njaa hupungua sana. Kwa anayetaka kupungua, hiyo ni neema. Kwa anayetaka kukanyaga kwa saa nane, ni hatari, kwa sababu mwendesha baiskeli wa kawaida huambiwa na njaa kwamba akiba inakwisha. Huyu haambiwi. Anakwenda vizuri, anajisikia vizuri, halafu pale kwenye kilima baada ya Kamukuywa, njia ya Kitale, miguu inakataa ghafla, kichwa kinazunguka.

Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini hutosha kama saa moja na nusu hadi mbili za kazi ngumu. Baada ya hapo, waendeshaji wa kawaida hula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Mwenye tumbo la kawaida anakula ndizi mbili, anashushia na nusu lita ya maji, anaendelea. Aliyepasuliwa hawezi. Kifuko chake hakipokei mzigo huo kwa pamoja; akilazimisha, anatapika kando ya barabara, na kutapika kunampotezea maji na chumvi alizozihitaji zaidi kuliko hiyo ndizi.

Kwa hiyo asifuate njaa, afuate saa. Aweke kengele kwenye simu. Kila baada ya dakika 20, nusu ya ndizi, au kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, au kipande cha nduma, akitafune mpaka kilainike kabisa. Anakanyaga kidogo kikae. Halafu maji, mafunda madogo madogo, tena na tena, hata kama hana kiu. Hospitalini aliambiwa asinywe maji pamoja na chakula, na ushauri huo una maana mezani. Juu ya baiskeli kwenye jua la saa saba hawezi kungoja nusu saa kila mara, na ndiyo sababu matonge yake lazima yawe madogo sana. Ustadi huu haujifunzwi siku ya safari. Unafanyiwa mazoezi kwa wiki nyingi, kwenye safari za saa moja, kisha mbili.

Soda ndiyo mtego mkubwa. Kila kituo kutoka Misikhu hadi Kiminini kina duka lenye soda baridi, na marafiki watamnunulia kwa upendo. Sukari nyingi ikiteremka ghafla kwenye utumbo, hasa kwa aliyeungwa utumbo, moyo hudunda mbio, jasho humtoka, anasikia kichefuchefu na anaharisha. Hayo hutokea ndani ya saa moja. Halafu kuna awamu ya pili, kati ya saa moja na tatu baadaye: mwili umemwaga insulini kupita kiasi, sukari ya damu inashuka, mikono inatetemeka, macho yanafifia, akili inapotea. Likimpata hilo nyumbani atakaa kitini. Likimpata barabarani huku lori la Malaba liko mgongoni, laweza kumuua. Akihisi dalili hizo ashuke, akae kivulini, achukue sukari kidogo, kisha yai la kuchemsha au njugu, wala asipande tena mpaka akili itulie. Asiwahi kwenda safari ndefu peke yake.

Nyumbani nako sahani ipangwe upya. Wataalamu humtaka ale gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, bilauri ya maziwa kama 8. Mnaona kazi ilivyo kwa mtu anayeshiba kwa vijiko vichache. Basi nyama, samaki, omena au maharagwe viliwe kwanza, mboga zifuate, ugali uwe wa mwisho, na ukibaki, ubaki. Sisi tumezoea kinyume chake: ugali ndio chakula, vingine ni vya kuuteremsha. Bila protini, kila kilomita anayokanyaga inakula misuli ileile anayoitafuta.

Damu nayo. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, palepale panaporukwa na upasuaji wa kuunga utumbo. Vitamini B12 nayo huhitaji mfuko wa chakula ulio mzima ili ifyonzwe vizuri. Ongeza hapo hedhi kwa wanawake, na malaria, ambayo Bungoma yetu inaijua sana na ambayo huharibu chembe za damu. Mtu anadhani hana mazoezi ya kutosha, anajikaza, kumbe hana damu. Maini, omena na mboga za kienyeji kama saga na managu vinasaidia, lakini havitoshi. Vidonge alivyopewa ni vya maisha yote, na wengine huhitaji sindano ya B12. Chai tunayokunywa pamoja na kila chakula huzuia chuma kufyonzwa, basi ingoje saa moja au mbili. Vipimo vya damu visiachwe kwa sababu mtu anajisikia mzima. Hospitali ya Kaunti ya Webuye ipo, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko Eldoret.

Juu ya mifupa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa baiskeli hawapendi kulisikia. Baada ya upasuaji, hasa wa kuunga utumbo, mifupa hupungua uzito. Na baiskeli, kwa sababu tandiko linaubeba mwili, haiimarishi mifupa kama kutembea au kubeba mzigo. Anayekanyaga tu atakuwa na moyo wa simba na mifupa ya mzee. Kwa hiyo siku nyingine aiache baiskeli, apande vilima vya Chetambe kwa miguu, ashike jembe, abebe maji. Wanawake wetu waliokuwa wakipanda mlima na kuni walikuwa na mifupa imara, na sababu ni hiyo.

Maumivu ya safari yatakuja: goti, mgongo, makalio yaliyopoteza mto wake wa mafuta na sasa yanakaa mfupa juu ya tandiko. Dukani atauziwa diclofenaki, ibuprofeni au aspirini kwa shilingi chache. Kwa aliyeungwa utumbo dawa hizo zaweza kuchimba kidonda pale palipoungwa, nacho chaweza kutoa damu au kutoboka. Amwulize daktari wake dawa ya kutumia, na kwa kawaida ataambiwa paracetamol. Ngozi iliyolegea tumboni na mapajani husuguana na kuchubuka kwa jasho. Nguo ya kubana na mafuta mazito ya kujipaka huzuia. Na aliyepoteza mafuta husikia baridi kuliko zamani, kwa hiyo koti la alfajiri ya Kitale lisisahauliwe.

Mazoezi yaanze lini? Kutembea huanza hospitalini, mara nyingi siku ileile ya upasuaji. Baiskeli ingoje majeraha yapone na daktari atoe ruhusa, mara nyingi baada ya wiki nne hadi sita, na hapo ni mizunguko mifupi ya tambarare. Safari za kutwa, kwa maoni yangu, zingoje mwaka wa kwanza uishe. Miezi ya mwanzo mtu hula kidogo mno kuweza kulipia kilomita 100.

Yote hayo mtu anaweza kuyashika, akashindwa na sisi. Eneo letu limezika watu wengi waliokonda. Katika miaka ya 1980 nchini Uganda, ukimwi uliitwa Slim, na hofu hiyo ilivuka mpaka ikakaa kwetu. Mpango wa AMPATH wa kupambana na ukimwi ulianza mwaka 2001 kwa sababu wodi za Eldoret zilikuwa zimejaa vijana waliobaki mifupa. Aliyeona hayo akimwona jirani yake amepungua kilo 40 kwa mwaka, ananong'ona. Nimewaona watu waliopasuliwa wakiacha kwenda kanisani kwa sababu ya minong'ono hiyo, na wengine wakijilazimisha kula ili wanenepe kidogo watu wanyamaze. Hiyo si haki. Mtu amelipa fedha nyingi, amevumilia kisu, kisukari chake kimetulia, nasi tunamrudisha alikotoka kwa midomo yetu.

Na mezani ni vigumu zaidi, kwa kuwa huko tunamuumiza kwa upendo. Kwetu mgeni huchinjiwa kuku, na ugali humegwa mkubwa. Kuacha chakula ni kumdharau mwenye nyumba. Mama mkwe akiona sahani imerudi karibu ilivyokwenda, anaumia kweli. Nawaomba akina mama mliokuja leo: mpeni kipande cha kuku, mpeni maziwa lala nusu kikombe, mwacheni ale polepole nusu saa, na msiongeze. Akienda zake na baiskeli, mfungieni viazi viwili kwenye mfuko. Hiyo ndiyo heshima anayoihitaji.

Limebaki la barabara, na hapa nasema na viongozi. Barabara kuu ya Webuye kwenda Malaba inapitiwa na malori ya masafa usiku na mchana, na upande wa Bukembe kuna matrekta ya miwa yanayobeba hadi kufunika njia. Mwenye baiskeli husukumwa kwenye ukingo uliomomonyoka. Kwa sasa nawashauri wanaoanza watumie murramu za Ndivisi na Sitikho asubuhi na mapema, wavae nguo zinazoonekana, waache barabara kuu jua likichwa. Lakini ushauri kwa mwendesha baiskeli hautoshi. Serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, pamoja na mamlaka za barabara kuu, zinapaswa kutenga njia ya pembeni ya baiskeli kutoka Bungoma kupitia Webuye hadi Kitale. Itawafaa watoto wa shule, wauza maziwa, wakulima na wagonjwa wetu kwa pamoja. Wabunge wa kaunti walioko hapa, pelekeni ombi hilo kwenye bajeti ijayo.

Nawe uliyepasuliwa na uko kwenye safu za nyuma hutaki kujulikana: kapime damu wiki hii, umwonyeshe daktari majibu. Akikuruhusu, tafuta mwenzako mmoja, mwende Lugulu na kurudi Jumamosi, polepole, mkiwa na ndizi moja na chupa ya maji.